Dereva Asiyekumbuka Daraja

Anayekawia huwaudhi wanaomngoja, lakini asiyefika huwaliza. Ndiyo maana ya methali "Kawia ufike", nayo dereva mmoja wa lori, aliyepewa jina la Mshale kwa mbio zake, aliijua tangu shuleni bila kuiamini.

Sheria ya kazi yao ilimtaka dereva apumzike dakika arobaini na tano kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Kifaa kilichopachikwa kando ya usukani kilihesabu kila dakika. Mshale alikiita mke wa pili, kwa jinsi kilivyomfuatilia alikokuwa. Sheria yenyewe, alisema, ilitungwa na watu waliozoea viti vya ofisini.

Siku hiyo binti yake wa pekee alikuwa atolewe uvimbe tumboni saa tisa alasiri, na Mshale alikuwa amemwahidi kumwona kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Saruji ilichelewa kupakiwa. Alipoondoka saa mbili asubuhi, aliapa kutosimama popote. Kifaa kilipolia kumwonya, alijitia uziwi.

Saa saba na nusu, mkaguzi wa barabara, mama mmoja mtulivu, alimsimamisha. Alisoma kifaa: saa tano na nusu mfululizo. Akamwagiza azime injini. Mshale alimweleza habari za mwanawe, akaomba apite kwa mara hii tu. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Kaka, pale darajani kuna mafundi wanatengeneza barabara. Wamekupitisha upande gani?"

Mshale aligeuka kutazama barabara aliyotoka. Hakukumbuka mafundi. Hakukumbuka hata daraja.

"Sijui," alisema.

"Wao ndio walionipigia simu. Mmoja ameruka mtaroni kukukwepa. Ni mzima. Lakini naye ana watoto."

Mshale aliketi kwenye ngazi ya lori lake. Alimpigia mkewe simu, akamwambia kwamba hatawahi, na kwa nini. Mkewe akamwambia alale. Mshale alipanda ndani ya lori akidhani usingizi hautakuja, kumbe ulimwangukia kama gunia. Mkaguzi ndiye aliyekuja kumgongea mlango muda ulipotimia. Mshale alimwomba amfikishie fundi yule ombi lake la msamaha, akaondoka.

Alifika hospitali saa tisa na nusu. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa. Mkewe alimsogezea nafasi kwenye benchi, akamwambia bila hasira kwamba mtoto alikuwa akigeuza shingo kila aliposikia hatua ukumbini, mpaka walipomwingiza. Maneno hayo yalimchoma Mshale kuliko faini yoyote.

Jua lilikuwa likizama binti alipofumbua macho.

"Umechelewa, baba."

"Nimechelewa, mwanangu. Ila nimefika."

Wala hakutafuta kisingizio. Tangu siku hiyo kifaa kikilia, Mshale huegesha lori, na madereva wanaompita wakimpigia honi za dhihaka huwapungia mkono. Hakika, kawia ufike.