Uzi wa Bi Mwanamize

Paukwa!

Pakawa!

Na nyinyi wa nyuma, mmelala? Paukwa!

Pakawa! Hatujalala!

Hapo zamani za kale, mji wa Sukuni ulikuwa na desturi moja. Adhana ikilia, kila mwenye duka alifunga uzi mlangoni, akaenda msikitini. Uzi tu! Wala hakuna aliyeuvuka.

Kisha misafara ikaanza kuja. Ikaleta hariri, ikaleta karatasi, ikaleta wageni tele. Fisi Kirobo akafungua duka la makufuli.

"Wageni wezi hao," akanong'ona. "Nunueni kufuli, jamani!"

Wakanunua. Lakini ndege Kanga, Bi Mwanamize, muuza vitambaa, akakataa.

"Uzi huu ni ahadi yetu."

"Ahadi haina meno, Bi Madoadoa!" Fisi akacheka. Hii hii hiii!

Mzee Kobe, mkuu wa soko, akaamua. "Mwanangu, ukiibiwa hata kitambaa kimoja, utatia kufuli au utahama."

Duka lile Bi Mwanamize aliachiwa na marehemu mama yake.

Ijumaa ikafika. Adhana ikalia. Akafunga uzi, moyo du! du! du! Akaenda.

Kurudi, uzi umekatwa. Joho la hariri halipo!

"Si nilisema?" Fisi akafoka. "Ni Ngamia huyu mgeni, aliyeingia mjini leo!"

Bi Mwanamize akamtazama Ngamia, akamtazama Fisi, kisha akatabasamu.

"Kaka Kirobo, sisi wanawake huswali safu ya nyuma. Kila Ijumaa, kati ya Mzee Kobe na Punda, naona mkia wako. Leo nimeona nundu."

"Nundu?"

"Nundu! Safu haiachi pengo. Mgeni alisimama mahali pako. Wewe ulikuwa wapi?"

Fisi akarudi nyuma, akauziba mlango wa duka lake kwa mgongo.

"Fungua duka lako," akasema Mzee Kobe.

Kufuli likalia kacha! Joho likaanguka, pwaa!

Soko zima likacheka, hata Punda akasahau heshima zake. Makufuli yote yakayeyushwa, yakawa sufuria moja kubwa. Kwa adhabu, Fisi akakoroga pilau ya wageni, mate yakimtiririka, na akala wa mwisho. Ngamia akaweka shehena yake yote dukani kwa Bi Mwanamize, akafunga uzi kwa midomo yake mwenyewe.

Basi, wanangu na wazee wangu: mgeni si mwizi kwa kuwa ni mgeni, na mji hulindwa na uaminifu kabla ya chuma.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimefunga uzi mlangoni.