Gauni la Mgonjwa Asiyetajwa Jina

Kisa hiki nimeletewa na mtu, nikaona nikikikalia nitakuwa mchoyo. Kisome polepole, kisha mpelekee mwenzako.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, Bi Mwantumu. Mwanamke akipita tu mlangoni, yeye alishajua kifua chake ni inchi ngapi, na kama amenenepa tangu Idi alimwambia papo hapo.

Kisha saratani ikamfika. Madaktari wakaliondoa titi lake la kushoto, na dawa zikamaliza nywele zake. Alipona, alhamdulillahi, lakini aliporudi nyumbani alikigeuza kioo cha chumba cha kushonea kikatazama ukuta. Wateja akawa anawapokea dirishani, amejitanda khanga mbili.

Hospitali kulikuwa na chumba ambako wanawake waliotibiwa saratani walifundishwa kufunga vilemba, wakapewa nywele za kuvaa na matiti ya kitambaa ya kutia ndani ya sidiria. Nesi Nakiete alimwita huko mara tatu.

"Mimi nimeuvisha mji mzima," alijibu Bi Mwantumu. "Leo niende nikavishwe?"

Kilikuwa kiburi, tusikipambe. Na harusi ya binti yake Zuhura ilikuwa imebakiza majuma matatu. Mama alikwisha kata shauri: "Mama yako mdogo atakaa mahali pangu. Mimi nitabaki jikoni." Zuhura alilia mpaka macho yakavimba.

Siku moja Nesi Nakiete akaja na kitambaa cha zambarau na karatasi ya vipimo.

"Shikamoo, mama. Nina mgonjwa wangu, ameondolewa titi kama wewe. Anaona haya hata kutoka nje. Mshonee gauni, na titi la kumkaa sawa."

"Marahaba. Lete."

Titi alilijaza pamba. Likawa jepesi, likapanda juu. Akalifumua, akachanganya pamba na mtama mkavu, akawa analipima kiganjani mpaka likapata uzito wa kweli. Alishona siku nne, huku akimhurumia mwanamke yule asiyemjua.

"Huyo mama mwambie asijifiche," Bi Mwantumu alimwambia nesi alipopita kuangalia kazi. "Hajamwibia mtu. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yangu."

"Nitamwambia," nesi akajibu.

Gauni lilipokwisha, nesi akamwomba alijaribu, eti mgonjwa ana umbo kama lake. Bi Mwantumu alinung'unika, akalivaa. Likamkaa. Begani, kiunoni, kifuani, hakuna pa kutia hata pini. Miaka thelathini ya cherehani, hakuwahi kuona gauni la mtu likamkaa mwingine namna ile.

Akakigeuza kioo. Akajitazama kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Nakiete, vipimo hivi ni vya nani?"

"Vyako, mama. Nilivichukua kliniki, siku ile nilipokupima uvimbe wa mkono, nikaendelea mpaka kifua na kiuno."

Alikasirika, kweli alikasirika. Fundi kutojua vipimo vyake mwenyewe si aibu ndogo. "Umenidanganya! Ulisema una mgonjwa!"

"Ninaye. Na kuna ujumbe wake sijaufikisha bado." Nesi akamshika mkono. "Fundi mmoja bingwa kanituma nikwambie: usijifiche, hujamwibia mtu."

Bi Mwantumu akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. Kesho yake alikwenda kwenye kile chumba cha hospitali kwa miguu yake.

Siku ya harusi alikaa mahali pa mama, gauni la zambarau mwilini na kilemba kichwani. Kilemba walimfunga wanawake wa hospitali, naye alitulia akafungwa. Mama mdogo ndiye aliyekwenda jikoni.

Funzo: Mganga hajigangi, basi asione haya kugangwa, na neno jema unalompelekea mtu usiyemjua, nawe pia ni haki yako.