Zamu ya Mama Bupe

Mrudia kuosha huosha peke yake. Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia juzi jikoni, siku ya kipaimara cha binamu yenu, shangazi alipomwona mama mmoja mgeni akizichukua ndizi zilizokwisha kumenywa na wenzake na kuanza kuzimenya upya. Watu walicheka, yule mgeni akaweka kisu chini, nanyi mkabaki mnatazamana. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, wajukuu zangu. Aliyeisema mara ya kwanza mnamsalimia kila Jumapili, na siku aliyoisema nilikuwepo. Ilianza hivi.

Miaka hiyo kaka yenu Lusajo alikuwa mdogo, nami ndiye niliyekuwa nikimlea. Upande huu wetu wa Tukuyu hapakuwa na shule ya watoto wa umri ule. Wazazi wakienda kuchuma chai, mtoto alibebwa mgongoni, au aliachiwa dada yake, au alishinda tu njiani. Ndipo akarudi Tusajigwe, binti wa hapa hapa, aliyekuwa amesomea ualimu wa Montessori kwenye chuo cha masista. Akatuita akasema, "Kufundisha nitafundisha. Lakini shule siwezi kuiendesha peke yangu. Iwe ya kwetu sote."

Tukakubali, familia saba. Tukapewa ghala la kahawa lililokuwa limeachwa, tukalipaka chokaa. Baba Gwakisa, fundi seremala, akatengeneza rafu fupi na meza za kimo cha mtoto. Kisha tukapangiana zamu. Kila siku mzazi mmoja anakuja kumsaidia mwalimu, na watoto wakiondoka anafagia, anasugua meza, anafunga mlango.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na shule niliyoijua ni ubao na fimbo. Ile haikuwa hivyo. Mtoto anachagua kazi yake rafuni, anatandika mkeka wake mdogo, anafanya mpaka anamaliza, kisha anarudisha kila kitu mahali pake. Mmoja anamimina maharage kutoka jagi hili kwenda jagi lile, mwingine anahangaika na vifungo vya shati. Na baada ya uji, kila mtoto anaosha kikombe chake mwenyewe kwenye beseni. Vikombe vyenyewe vilikuwa vile vinavyovunjika. Baba Gwakisa aliuliza kwa nini tusinunue vya plastiki, mwalimu akamjibu, "Cha plastiki hakimfundishi mtoto kushika."

Kwetu sisi wakubwa mwalimu alikuwa na sharti moja. Kazi ya mtoto ikibaki na kasoro, tuiache. Kasoro ataiona mwenyewe, kama si leo basi siku nyingine. Ijumaa vikombe vyote vilichemshwa kwenye sufuria kubwa, kwa hiyo hakuna aliyeogopa magonjwa.

Kati yetu alikuwepo Sekela, mama yake Bupe. Huyu alikuwa mama lishe pale stendi, na banda lake lilisifiwa kwa usafi. Zamani bwana afya aliwahi kumfungia banda kwa sababu ya nzi waliotoka kwa jirani, na tangu hapo mikono yake haikuweza kupita kwenye chombo bila kukisugua. Kabla ya shule ile kuanza, Bupe alikuwa akishinda naye bandani, chini ya meza, katikati ya majiko mawili. Siku moja sufuria ya maharage ikapinduka. Mtoto alipona, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki na kovu kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni.

Kwa hiyo mwelewe. Sisi wengine shule ile tuliipenda. Sekela aliihitaji. Hakuwa na mahali pengine pa kumweka mwanawe mbali na moto.

Zamu yake ya kwanza ilipofika, watoto walipotoka kucheza aliviteremsha vikombe vyote, akavisugua upya mpaka vikang'aa. Mwalimu akamkumbusha sharti kwa upole. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Zamu iliyofuata akafanya vile vile. Baadaye akawa anapita hata siku zisizo zake. Akifunga banda, njia yake ni shuleni. Anafagia palipofagiwa, anakunja upya mikeka, anapangusa rafu ambazo mwenzake amezipangusa mchana.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Baba Gwakisa alisema, "Mimi nikifagia, vumbi lenyewe linanionea huruma. Afadhali nimwachie mwenye kujua." Na kweli, zamu yake ilipofika hakushika ufagio.

Mama Ipyana hakuona kichekesho. Yeye ni mchuma chai, siku ya zamu anaamka gizani apate kuchuma kidogo kwanza, ndipo anakuja shuleni. Jioni moja alikuwa amesahau mwamvuli wake pale, akarudi kuuchukua. Akamkuta Sekela kainama juu ya meza, anasugua meza ile ile aliyoisugua yeye mchana. Akasimama mlangoni, akachukua mwamvuli wake, akaondoka bila hata kuaga. Zamu iliyofuata hakuja.

Wengine nao wakaanza. Huyu ana msiba, huyu mgongo unamuuma, huyu kasahau. Nani aache shamba lake aende kufanya kazi ambayo jioni itafanywa tena? Mwisho kila siku ikawa zamu ya Sekela. Akawa analifungua banda lake mchana, wateja wameshakula kwingine.

Watoto nao wana macho. Siku moja nilimwambia Lusajo aoshe sahani yake, akaniuliza, "Bibi, halafu nani ataiosha?" Pale shuleni wakawa wanatumbukiza vikombe kwenye beseni na kukimbilia nje. Bupe hakufika hata kwenye beseni. Alimpelekea mama yake kikombe kichafu, akamshikisha, akaenda zake.

Mwalimu Tusajigwe akatuita. Tulikaa kwenye viti vile vya watoto, magoti yetu yanagusa videvu. Akasema, "Sitaki kumlaumu mtu. Ila mwalimu mmoja na mzazi mmoja si shule. Mwezi huu ukiisha nitafunga."

Sekela akasimama, kanga yake ya kiunoni ina majivu.

"Usifunge, Mwalimu. Bupe ataenda wapi? Arudi kule chini ya meza?"

Akatugeukia sisi.

"Naosha peke yangu. Nafagia peke yangu. Nyinyi mmetulia majumbani kwenu. Kama hamna uchungu na watoto wenu, mimi wangu namwonea uchungu."

"Mama Bupe, tuambiane ukweli," akasema Baba Gwakisa. "Mimi nilikuwa nafagia mpaka uliponifukuza."

"Nilikufukuza lini?"

"Si wewe. Ufagio wako."

Wawili watatu wakacheka. Mama Ipyana alikuwa anatazama vidole vyake.

"Ile meza niliisugua," akasema. "Nilitoka kuchuma, vidole vimepasuka, nikaisugua hivyo hivyo. Jioni nakukuta unaisugua tena. Si ungeniambia tu kwamba mimi ni mchafu?"

"Sikusema wewe ni mchafu, Mama Ipyana."

"Hukusema. Ulisugua." Akainua macho. "Sasa unalia kwamba unaosha peke yako. Mrudia kuosha huosha peke yake. Ulitegemea abaki nani?"

Sekela akakaa kwenye kiti chake kidogo, akaivutavuta kanga yake.

"Mikono yangu haitulii," akasema taratibu. "Nikiona doa, naona nafungiwa. Sikuwaza kwamba nawatukana."

Mama Ipyana alikuwa bado na hasira, lakini hasira yake haikuwa tena na pa kukaa. Akageukia upande wa dirisha.

"Kesho ni zamu ya Mama Ipyana, kama atakubali," mwalimu akasema. "Mama Bupe, wewe pia uje. Lakini uje ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae."

"Mimi nitaleta kiti," akasema Baba Gwakisa. "Kizito. Na kamba nije nayo?"

Hapo hata Mama Ipyana akacheka, ingawa alijaribu kuficha kicheko.

Asubuhi nilimpeleka Lusajo, nami nikabaki nione. Mama Ipyana alikuja. Sekela alikuja, akakaa kwenye kiti kando ya ukuta, akaweka mikono chini ya mapaja yake na kuikalia. Watoto wakanywa uji. Bupe akamaliza, akaja moja kwa moja kwa mama yake na kikombe.

"Mama, osha."

"Leo si zamu yangu."

Bupe akangoja. Alizoea kungojwa si kungoja, kwa hiyo ilimchosha upesi. Akalitazama beseni, akamtazama mama yake tena, akaenda. Maji yakaruka mpaka sakafuni. Sekela akawa ameshanyanyuka nusu.

"Kaa, dada," akasema Mama Ipyana, bila kugeuka, anafagia.

Akakaa.

Bupe alipomaliza alitaka kumfurahisha mama. Akamwomba mwalimu chai kidogo ndani ya kikombe kile, akaileta kwa mikono miwili, ule wenye kovu ukiwa chini. Juu ya chai palikuwa na povu. Tuliliona wote. Sekela akakipokea, akanywa, akameza.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa lugha ya kwetu.

"Tamu?"

Mama hakutaka kumdanganya, na kumkaripia hakutaka pia. Akamrudishia kikombe. "Onja."

Bupe akaonja, uso ukakunjamana wote. "Ina sabuni." Akaimwaga chai nje ya mlango, akarudi kwenye beseni, akakisuuza kikombe, akakinusa, akakisuuza tena kwa maji mengine, akakinusa tena. Hakuna aliyemwambia. Nikamtazama Sekela. Mikono yake ilikuwa imetoka chini ya mapaja, imelala tu mapajani, imetulia.

Mchana Mama Ipyana alimaliza kufagia, na chini ya rafu pakabaki makapi ya maharage. Sekela aliyaona. Najua aliyaona, kwa maana mimi nami niliyaona, na macho yetu yalikutana. Akachukua mkoba wake.

"Mama Ipyana, ahsante kwa kazi," akasema. "Mimi nawahi banda."

Akaenda. Zamu iliyofuata alikuja Baba Gwakisa, akafagia vibaya kama alivyofagia siku zote, na hakuna aliyerudia. Wiki ile wengine wakarudi, mmoja mmoja. Mwezi ukaisha na ghala halikufungwa. Bupe alikaa pale mpaka alipofikia umri wa kuanza darasa la kwanza.

Mama Ipyana alikuwa ameyasema yale maneno kwa hasira, na nadhani angependa yasahaulike. Aliyeyasambaza ni Sekela mwenyewe. Banda lake lilipokua alimwajiri msichana wa kuosha sahani. Alimwonyesha siku nzima: maji ya kwanza, maji ya pili, mahali pa kuanikia. Kesho yake akampa mgongo, akawa anakoroga maharage yake na kutazama barabarani. Dereva mmoja aliyezoea kula pale akamtania.

"Mama Bupe, leo hukagui sahani? Umekuwa mzee?"

"Nilishamfundisha, na macho anayo," akasema, mwiko haukusimama. "Mrudia kuosha huosha peke yake."