Mji Usiohesabu Watoto

Paukwa!
– Pakawa!
Pakawa nini?
– Pakawa mji, bibi!
Mji wa nani?
– Wa walioshiba!
Haya, sogeeni. Leo sina ngano ya kuchekesha.

Hapo zamani za kale, mwaka wa ukame, Kanga alitembea na wanawe, Tunu, Madoa na Kipusa, mpaka wakafika mji wa ndege. Mtama umejaa ghalani, maji yamejaa mitungini, hakuna anayegombana na mwenzake. Mlinzi wa ghala alikuwa Chatu. Ndege walimsifu: "Mwaminifu huyu, hajaiba hata punje!" Punje! Nyie mlimwona wapi chatu akila mtama?

Kuku mmoja mnene wa mji huo, aitwaye Bi Koo, aliwapokea.

"Karibu, shoga. Kula ushibe. Ila hapa tuna mwiko mmoja: watoto hatuhesabu. Ni kisirani."

"Hata kwetu ni mwiko," alisema Kanga, akafurahi kuona mji una adabu.

Jioni ya kwanza Tunu hakurudi.

"Shoga, mwanangu simwoni."

"Mtama unao?"

"Ninao."

"Maji unayo?"

"Ninayo."

"Basi nyamaza. Hapa hatuhesabu."

Kanga akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza, na mimi kila nikifika hapa humchukia.

Jioni ya pili Madoa hakurudi.

"Shoga, mwanangu simwoni."

"Mtama unao?"

"Ninao."

"Maji unayo?"

"Ninayo."

"Basi nyamaza. Hapa hatuhesabu." Lakini safari hii Bi Koo aligeuka upesi, akapangusa jicho.

Jioni ya tatu Kanga alimshika Kipusa bawa, akaenda naye ghalani. Ndege wote walikuwa wakila. Chatu amejilaza mlangoni, tumbo limemvimba.

"Mimi sihesabu," alisema Kanga. "Mimi naita. Tunu! Madoa! Na nyie waiteni wenu!"

Bi Koo akafungua mdomo. Jina la mwanawe lilimfika ulimini.

Chatu akafumbua jicho moja. "Nikiondoka, panya watamaliza mtama. Niondoke?"

Bi Koo akafumba mdomo, akainama, akadonoa punje.

"Twende, Kipusa," alisema Kanga.

Kipusa alikuwa ameshanenepa. Akatazama nyika kavu, akatazama mtama.

"Mama, huko kuna njaa."

"Wenzio wako wapi, Kipusa?"

"Mama, hapa hatuhesabu."

Kanga akatoka peke yake. Mpaka leo kila alfajiri hupiga kelele nyikani. Watu husema anaita mvua. Uongo. Anaita wanawe.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, mimi nimeshaizoea. Funzo lake ni hili: mahali unapokatazwa kumuulizia asiyeonekana, usisifu shibe ya hapo.

Haya, chakula kiko tayari, ingieni. Lakini hamgusi sahani mpaka kila mmoja amwite mwenzake kwa jina, na mwenzake aitike.