Kashata, Mbwa wa Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa sogeeni, wadogo acheni kusukumana.

Hapo zamani za kale, Nyani na Nungunungu waliokota mbwa mchanga mtaroni. Wakamwita Kashata. Wakamlea pamoja. Wiki hii analala kwa Nyani, wiki ijayo kwa Nungunungu. Mbwa mmoja, wenyewe wawili, ugomvi hakuna.

Siku moja Nungunungu akaitwa kwao. Mama yake mgonjwa.

"Ndugu yangu, nitunzie Kashata wetu."

"Nenda, usiwe na wasiwasi," akasema Nyani.

Nungunungu akaenda. Huku nyuma, Kashata akashikwa na upele. Asubuhi, kwaru kwaru! Mchana, kwaru kwaru! Nyani akachoka. Akamfunga kamba, akamburuta, buru buru buru, mpaka kwa Mama Kanga, aliyekuwa akipokea wanyama waliotupwa.

"Mbwa wa nani?"

"Wangu. Mchukue, sidai hata unyoya!"

Mama Kanga hakuuliza la pili. Akamwogesha Kashata kwa mwarobaini mpaka akapona. Kisha akampa Bibi Pimbi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia kiza. Kashata akawa anamwongoza kisimani, polepole, jiwe kwa jiwe.

Mwezi ukapita. Mama mtu akapona, Nungunungu akarudi.

"Kashata yuko wapi?"

Nyani akajikuna kisogo. "Nilimtoa, nikampa Mama Kanga."

"Ulimtoa? Na nusu yangu umeitoa pia?"

Akatoka mbio mpaka kwa Mama Kanga, miiba chaka chaka chaka! Nyani naye nyuma yake, maana alisikia mbwa amenenepa, akamtamani tena.

"Nipe mbwa wangu!" akalia Nungunungu.

"Na wangu!" akadakia Nyani.

"Wewe ulisema hudai hata unyoya," Mama Kanga akamwambia Nyani. "Keti!" Nyani akaketi, pu! Kisha Mama Kanga akamgeukia Nungunungu. "Wewe hukutoa kitu, baba. Kosa ni langu, sikuuliza. Twende ukamchukue."

Wakafika kwa Bibi Pimbi. Kashata akamrukia Nungunungu. Miiba ikamchoma, wii! Akarudi nyuma. Akamrukia tena. Bibi akabaki anapapasa hewa.

"Kashata? Umekwenda wapi, mjukuu wangu?"

Nungunungu akamsogelea. "Bibi, huyu mbwa ni wangu."

Bibi akashusha mikono. "Kama ni wako, mwanangu, mchukue."

Nungunungu akamtazama Bibi. Akamtazama Kashata. Roho ikamuuma.

"Simchukui. Nitahamia mimi."

Akachimba shimo lake pale pale, chimba chimba chimba! Mchana Kashata yuko na Bibi, jioni yuko na Nungunungu. Nyani akichungulia tu, anabwekewa toka mbali.

Na Mama Kanga? Mpaka leo hapokei kitu kimya kimya. Mtu akisema "Changu," msikilizeni anavyopiga kelele: "Na nani? Na nani? Na nani?"

Basi jueni, cha wawili hakitolewi na mmoja. Na anayepokea, aulize kwanza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda anirudishie.