Mayai Yaliisha Juzi

Alikuwapo mwongozaji mmoja wa wapanda mlima. Mlima ni huu wetu, Kibo, ambao kupitia dirisha hilo la kushoto la kanisa letu mnauona kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Alikuwa mtu mzuri. Aliijua njia, aliwajua wagonjwa kwa kuwatazama midomo, na hakuwahi kumwacha mtu mlimani.

Alikuwa na desturi mbili. Wageni wake aliwajua kwa majina kuanzia siku ya kwanza, hata majina magumu ya Kipolandi na ya Kijapani, na mgeni alipokanyaga kilele, yeye alilipaza jina lake kwa sauti kubwa. Hiyo ndiyo desturi ya kwanza. Ya pili ni kwamba wapagazi aliwaita kwa mizigo yao.

"Gesi, tangulia! Meza, mbona unachelewa? Mahema, funga kamba vizuri!"

Na yule aliyebeba choo cha kubebeka cha wageni, nawaachia mfikirie wenyewe alivyoitwa.

Wapagazi hawakulalamika. Walicheka, wakaitana hivyo wao kwa wao. Katika safari ninayowasimulia alikuwamo mama mmoja aliyebeba trei za mayai kichwani. Bila shaka mmekwisha kumpa jina.

Asubuhi ya kuanza safari, mwongozaji alimkuta mwanamke mwingine mweusi amesimama getini katikati ya Wazungu, amevaa viatu vipya vya kupandia.

"Dada," akamwambia, "mizigo inapimwa upande ule."

"Sina mzigo wa kupima, kaka. Nimekuja kupanda."

"Wote tunapanda, dada. Wewe umebeba nini?"

"Nimejibeba mwenyewe."

Wapagazi wakaangua kicheko. "Kiongozi, huyo ni mgeni wako!" Meza akapiga kelele. "Huyo ni wa kupikiwa!"

Kweli alikuwa mgeni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tabora. Aliwafundisha watoto kuchora mlima huu ubaoni kila mwaka, mpaka mtoto wa kike mmoja akamwuliza kama watu kama wao wanaruhusiwa kufika juu. Alikosa jibu, na ndiyo maana alikuja.

Mwongozaji aliomba radhi vizuri, akampeleka mahali pake. Lakini jina lake hakuuliza.

Je, alikuwa mbaguzi? Yeye mwenyewe ni mweusi kama mimi na wewe, na mama yake alilima migombani kama mama zetu. Hakumchukia mtu. Ni macho yake tu yaliyozoea kwamba Mzungu hupanda na Mwafrika hubeba, na kwamba mwanamke wa Kiafrika akionekana mlimani, basi yuko karibu na chakula.

Njiani, yule mwalimu alitembea na yule mama wa mayai. Wakaulizana hali, wakaulizana majina, wakaulizana watoto. Mnajua jinsi mama wawili wanavyoweza kuimaliza njia.

Wageni walifika kileleni. Mwongozaji akalipaza jina la kila mmoja juu ya theluji, na watu wakalia machozi. Ikafika zamu ya mwalimu. Mwongozaji akafungua mdomo, akasita, akasema, "Na wewe dada, hongera sana." Mwalimu akashukuru. Mtu anaweza kushukuru na bado kitu kikamchoma.

Kesho yake, wakati wa kushuka, ukungu uliwafunika. Ninyi mnaoishi huku mnaujua ukungu wa kule juu. Unanyoosha mkono, huvioni vidole vyako, na baridi inakushawishi ukae chini ulale. Mwongozaji akasimamisha msafara mzima, akapita akiwatambua watu mmoja mmoja. Gesi yupo. Meza yupo. Akaona mwanamke mweusi amejifunika koti la mvua.

"Mayai yupo," akasema. "Twendeni."

"Mayai hayupo," yule mwanamke akajibu.

"Wewe si Mayai?"

"Mimi ni mgeni wako, kaka. Jana tulisimama wote kileleni."

Hapo mwongozaji akajua kwamba mtu mmoja amepotea. Akarudi nyuma hatua chache, akaita, "Mayai! Mayai wee!" Kimya. Gesi akamkumbusha kwamba yule mama sasa amebeba hema. Akaita, "Mahema!"

"Nipo hapa, kiongozi!" akajibu kijana mmoja pembeni yake, maana mahema yalibebwa na watu wengi.

Akageuka kwa wapagazi. "Jina lake hasa ni nani?" Hakuna aliyelijua. Walikuwa wamecheka naye safari nzima.

Ndipo mwalimu wa Tabora akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ile ya kuita watoto kutoka uwanjani:

"Aikaruwa! Mama Aikaruwa!"

Wakasikiliza. Mwanzoni upepo tu. Akaita tena. Kisha, kutoka nyuma ya jabali, chini kidogo ya njia, karibu sana, sauti dhaifu ikasema, "Abee."

Alikuwa ameteguka mguu, amekaa, usingizi ule mbaya umeanza kumchukua. Walipokuwa wakimfunika blanketi, mwongozaji alimwuliza, nusu kwa hasira, nusu kwa machozi, "Mama, tumeita hapa karibu! Kwa nini hukuitika?"

"Niliwasikia mkimwita Mahema," akasema, "nikamsikia akiitika. Nikajua wote wamepatikana."

"Na Mayai je?"

"Mayai yaliisha juzi, kiongozi."

Ndugu zangu, mmesikia? Jina lake liliisha siku mzigo ulipoliwa.

Aikaruwa. Nalitamka polepole ili mlishike. Kwa Kichagga ni kumshukuru Ruwa, yaani Mungu. Mama yule alitembea na shukrani ya Mungu ndani ya jina lake, na sisi tukamwita kifungua kinywa.

Nimesema sisi, na sikuteleza. Hadithi nzima nimewatajia jina la mtu mmoja tu. Yule mwalimu nimemwita mwalimu, nimemwita dada, na yeye ndiye aliyeokoa maisha. Ni nani kati yenu aliyetaka kujua jina lake? Katika shule ya misheni niliyosoma, ukutani palikuwa na picha ya Mzungu mwenye fimbo, na nyuma yake safu ndefu ya watu wenye mizigo vichwani. Chini ya picha liliandikwa jina moja. Wote walikuwa wamepanda mlima uleule. Fundi aliyeitundika picha ile amekwisha kufa, lakini picha bado imetundikwa ndani yetu. Tunasema "Mhindi wa duka", "Mzungu wa visima", "yule mama wa kufagia", tukidhani tumemtaja mtu.

Yule mwongozaji alibadilika. Siku ya mwisho, getini, alimwendea mwalimu, akavua kofia, akauliza, "Dada, naomba jina lako." Akaambiwa. Akageuka kuutazama mlima, akalipaza huko chini, akiwa amechelewa lakini kwa nguvu zote, kisha akalipaza la Aikaruwa, na jina halisi la Gesi, na la Meza. Naamini watoto wa Tabora walipata jibu lao.

Sasa, Jumamosi vijana wetu wanapanda kilima, pamoja na wageni wa kanisa rafiki kutoka Ujerumani. Ni jambo jema. Nimeambiwa kwamba wavulana wamepangiwa kupanda na wageni, na wasichana wamepangiwa sufuria. Naomba mpango huo ubadilike leo, kabla hatujafika nyumbani. Sufuria watashika wote kwa zamu, na kilima watapanda wote kwa miguu yao.

Nami nitasimama pale mlangoni asubuhi. Kila atakayekwenda, msichana au mvulana, mweusi au mweupe, atanipa mkono na kuniambia jina lake lote. Mimi ni mzee, nitasahau. Mtanitajia tena mpaka nilishike, na mkishuka jioni nitawaita nalo.