Winter ya Kiogora

Kiogora alirudi Nanyuki kutoka Ulaya, pua juu, Kiswahili amekiacha uwanja wa ndege. Alihonga akapata hati ya kiwanja cha Nkirote, muuza viazi, akamwamuru ahame.

“Niache mpaka winter, bosi.”

“Kumbe hata wewe unajua seasons!” Kiogora alicheka, akaapa mbele ya chifu: “Winter ikikukuta humo ndani ya nyumba, ndipo unatoka, si kabla.”

Julai baridi ikauma. Kiogora akaja na tingatinga, chifu kando yake.

“Winter hiyo, mama. Out!”

“Winter iko kusini mwa ikweta, msomi, yaani huko jikoni. Mstari umekata nyumba katikati. Mimi nalala sebuleni, kaskazini, na huku ni summer.”

Chifu alikohoa kuficha kicheko.

“Desemba njoo,” Nkirote alisema, “unisaidie kuhamishia kitanda jikoni.”